"Mpe, Chris": Maneno Yaliyomnyonga Kijana Asiyejua Kusoma

Mtoto ameng'ang'ania kitu cha mwenzake, mama anamwambia, "Mpe." Barabarani watu wamezunguka ugomvi, mmoja amekunja ngumi, na nyuma yake sauti zinapaa: "Mpe! Mpe!" Neno ni lile lile. La kwanza linaamuru kukabidhi, la pili linaamuru kupiga. Kiingereza nacho kina kauli yenye sura mbili vivyo hivyo, Let Him Have It, na hilo ndilo jina la filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1991 chini ya mwongozaji Peter Medak.

Filamu inasimulia kisa cha kweli cha Derek Bentley, kijana wa miaka 19 aliyenyongwa London tarehe 28 Januari 1953 kwa kumuua askari polisi. Risasi iliyomuua askari huyo hakuipiga Derek. Ilipopigwa, yeye alikuwa ameshakamatwa kwa muda wa robo saa hivi. Aliyefyatua ni rafiki yake, Christopher Craig, mwenye miaka 16, na Craig hakunyongwa.

Ukiieleza hivyo kwa mtu asiyeijua, atadhani umeruka sehemu. Hujaruka kitu. Ndiyo maana watu wengi wakishaitazama huishia kubishana juu ya jambo moja: Derek alipotamka ile kauli, alimaanisha nini? "Mpe bastola" au "mpige risasi"? Mimi pia nilikuwa katika mabishano hayo kwa muda mrefu. Siku hizi naona ubishi huo ni mtego, tena ni mtego ule ule alionasa kijana mwenyewe pale mahakamani. Ili kuuona, inabidi kulifungua fundo hili uzi mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na usiku wenyewe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, katika mji wa Croydon, kusini mwa London. Vijana wawili waliruka geti dogo la ghala moja Tamworth Road, wakaparamia bomba la maji ya mvua hadi juu ya paa. Msichana mdogo wa nyumba ya ng'ambo aliwaona, na polisi wakaitwa. Wa kwanza kufika juu alikuwa askari kanzu Frederick Fairfax. Alimshika Derek, Derek akamponyoka, Craig akafyatua bastola na kumjeruhi Fairfax begani. Kwa mujibu wa polisi, ni hapo kabla ya risasi ya kwanza ndipo Derek alipopiga kelele: "Let him have it, Chris." Fairfax, ingawa amejeruhiwa, alimdhibiti Derek tena. Kuanzia hapo Derek hakupigana wala hakujaribu kukimbia. Mfukoni alikuwa na kisu na ngumi ya chuma, vyote alivyopewa na Craig, na hakuna alichokitumia. Askari wengine walipanda kwa ngazi za ndani. Wa kwanza kutokea mlangoni alikuwa Konstebo Sidney Miles, mwenye umri wa miaka 42. Alipigwa risasi ya kichwa akafa papo hapo. Craig alipoishiwa risasi alijirusha kutoka juu ya paa, akavunjika mifupa, akabaki hai.

Huyo Derek alikuwa nani? Filamu inaanzia utotoni mwake, wakati wa mabomu ya Wajerumani, na si kwa ajili ya kupamba. Alipokuwa na miaka minne alianguka kutoka kwenye lori akaumia kichwa. Vita vilipokuja, akafukiwa na kifusi cha nyumba iliyolipuliwa. Alikuwa na kifafa. Mwaka 1948, akiwa na miaka 15, alipelekwa shule ya kurekebisha watoto kwa kosa la wizi, na alipopimwa huko akili yake ikaonekana sawa na ya mtoto wa miaka kama 10, na uwezo wake wa kusoma sawa na wa mtoto wa miaka minne na nusu. Jeshi lilimkataa mwaka 1952, miezi michache kabla ya tukio, kwa sababu hiyo hiyo ya akili. Serikali, kwa maneno mengine, ilikuwa na faili lake mara mbili: faili moja lilisema hafai kushika bunduki kwa niaba ya nchi, na jingine likasema anafaa kunyongwa kwa bunduki iliyoshikwa na mwingine.

Christopher Eccleston, aliyeigiza Derek, anamcheza kama mtu anayefika nusu hatua nyuma ya mazungumzo, anayecheka wenzake wanapocheka bila kuwa na uhakika wa kichekesho. Craig, anayeigizwa na Paul Reynolds, ni mdogo wake kwa miaka mitatu, lakini ndiye anayeongoza. Kaka yake Craig alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha siku chache tu kabla ya usiku ule wa paa. Hasira ya Craig ilikuwa na chimbuko. Derek yeye alikuwa amemfuata rafiki.

Sasa sheria. Watu hukwama hapa, kwa hiyo tuipe nafasi.

Kwa nini aliyefyatua aliokoka? Jibu ni fupi: umri. Sheria ya watoto na vijana ya mwaka 1933 ilikataza kumhukumu kifo mtu aliye chini ya miaka 18. Craig alikuwa na 16. Akafungwa kwa muda usiotajwa, kwa hiari ya Malkia kama wanavyosema, akatoka mwaka 1963, akawa fundi bomba. Derek alikuwa na 19. Kwamba akili yake ilikuwa bado iko 10 au 11 si jambo ambalo sheria ile ililijua. Ilihesabu miaka tangu kuzaliwa, basi.

Na kwa nini asiyefyatua alihukumiwa kama muuaji? Hapa sheria mbili zilishikana mikono. Ya kwanza ni ya nia ya pamoja: watu wawili wakikubaliana kutenda uhalifu, anachokitenda mmoja ndani ya makubaliano hayo kinahesabiwa kimetendwa na wote. Ya pili imeshakufa Uingereza, na ndiyo iliyokuwa na meno. Kwa sheria ya wakati ule, mtu akitumia nguvu kumzuia polisi asimkamate, na polisi akafa katika purukushani hizo, hayo ni mauaji ya kukusudia hata kama hakuna aliyetaka mtu afe. Nia ya kuua haikuhitaji kuthibitishwa, ilihesabiwa ipo. Unganisha mbili hizo uone hesabu inavyotoka. Mwendesha mashtaka hakulazimika kuonyesha kwamba Derek alitaka Miles afe. Ilitosha kuonyesha kwamba alikubaliana na Craig kupambana na polisi kwa nguvu.

Angeonyeshaje makubaliano hayo? Hawakuandikiana mkataba. Ndipo maneno manne ya Kiingereza yalipogeuka kuwa nguzo ya kesi: aliyesema "mpe" ameshaonyesha kwamba yumo.

Kuna swali jingine ambalo filamu inaligusa kwa picha tu, na juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, lilipaswa kulitafuna kwelikweli. Mtu akishakamatwa, amesimama kando ya askari, hapigani, hakimbii, robo saa inapita, je, bado yumo katika yale makubaliano? Upande wa utetezi ulisema yalikwisha pale aliposhikwa. Nadhani hii ndiyo hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na ndiyo iliyopata muda mchache kuliko zote.

Turudi kwenye mtego. Maofisa watatu waliapa kwamba waliisikia ile kauli. Vijana wote wawili wakaapa kwamba haikutamkwa. Hebu jiweke kwenye viatu vya Derek kizimbani. Akisema, "Ndiyo nilisema, nikimaanisha mpe afande bastola," amekiri kwamba alijua Craig ana bastola. Akisema alimaanisha piga, amejimaliza. Akisema hakutamka kitu, anawaita waongo maofisa watatu ambao usiku ule waliikabili bastola. Njia zote tatu zilielekea shimo moja. Kijana alichagua ya tatu, na Jaji Mkuu Goddard, aliyesikiliza kesi mwenyewe, aliwakumbusha juri ushujaa wa maofisa wale kabla ya kuwauliza kama kweli wanaweza kusema watu wa namna hiyo wanadanganya.

Jambo la pembeni, ila halinitoki akilini: mwaka 1940 kulikuwa na kesi nyingine ya polisi aliyepigwa risasi, inayojulikana kama kesi ya Appleby. Humo nako ushahidi mzito ulikuwa kwamba mmoja wa vijana wawili alimwambia mwenzake maneno karibu yale yale, let him have it. Wote wawili walinyongwa, na kesi ikaingia vitabuni kama mfano wa nia ya pamoja. Huenda ni sadfa. Lugha ya mtaani hurudia misemo yake. Lakini polisi nao husoma.

Tukitoka kwenye maneno manne ya paani tunakuta maneno mengine 582, na haya ndiyo yanayonivutia zaidi. Ni maelezo ya Derek kituoni, yaliyoandikwa na polisi usiku ule ule, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Polisi walisema mahakamani kwamba hawakumwuliza maswali. Aliongea mwenyewe, wao wakanakili. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maneno hayo kama fundi anavyofungua saa.

Aliliangalia neno dogo kabisa, then, yaani "kisha". Limo mara 10 katika maneno 582. Katika maelezo ya mashahidi wa kawaida aliyoyalinganisha, lilitokea mara moja tu katika maneno 930. Katika maelezo yaliyoandikwa na polisi wenyewe, mara moja kila maneno 78 hivi. Isitoshe, lilivyokaa. Sisi tukisimulia husema, "Kisha Chris akaruka." Maelezo ya Derek yanasema, "Chris kisha akaruka." Kiswahili chako kitakuambia mara moja kwamba mpangilio huo unanukia ofisi. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: huo ni mpangilio wa afisa anayejaza daftari la matukio, anayetaka kila hatua ifuate nyingine bila shaka. Kijana asiyejua kusoma angeuokota wapi?

Halafu kuna sentensi za kukanusha. Katikati ya masimulizi Derek anasema kwamba hadi wakati huo Chris alikuwa hajasema kitu. Mahali pengine anasema hapakuwa na mtu mwingine. Nani alikuwa amedai kwamba Chris amesema kitu? Mtu hasimulii mambo ambayo hayakutokea ila pale anapoulizwa kama yalitokea. Swali limefutwa, jibu limebaki likielea.

Na kuna sentensi moja iliyomgharimu sana: "Sikujua kwamba angeitumia ile bastola." Nimeweka "ile" makusudi. Kiingereza kina kijineno the ambacho kinafanya kazi hiyo: kinaashiria kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Lakini hadi hapo katika maelezo bastola ilikuwa haijatajwa hata mara moja. Derek anayesema "ile bastola" anasikika kama mtu aliyeijua tangu mwanzo. Chini zaidi, katika maelezo hayo hayo, anasema hakujua Chris ana bastola hadi alipofyatua. Goddard aliziona sentensi hizo mbili zikigongana, akaligeuza hilo kuwa silaha dhidi ya mshtakiwa. Ukikubali kwamba maelezo yalikuwa majibu ya maswali, ugomvi wa sentensi unakwisha: polisi aliuliza, "Ulijua angeitumia bastola?" Kijana akajibu, "Hapana." Afisa akaandika sentensi nzima. "Ile" ni ya muulizaji.

Kesi ilichukua siku tatu, tarehe 9 hadi 11 Desemba 1952. Juri halikuambiwa juu ya akili ya Derek. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikuwa na mlango mmoja tu kwa mtu wa namna hiyo, wazimu kwa tafsiri iliyowekwa mwaka 1843: mtu asiyejua anachokifanya, au asiyejua kwamba ni kosa. Derek hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mzito wa kuelewa, mwepesi wa kuongozwa, na kwa hali hiyo mlango ulikuwa haujajengwa. Ulikuja kujengwa mwaka 1957, kwa sheria iliyoruhusu kosa la mauaji kupunguzwa kwa mtu mwenye upungufu wa akili. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoizika ile nia ya kuua ya kuhesabiwa. Miaka minne ilimtenganisha na vyote viwili.

Akiwapa juri muhtasari, Goddard aliichukua ile ngumi ya chuma, ambayo haikumgusa mtu usiku ule, akaivaa mkononi mwake waone jinsi ilivyo silaha ya kutisha. Ukitaka kujua namna jaji anavyoweza kuegemea upande bila kutamka kwamba ameegemea, picha hiyo inatosha. Juri lilitoka, likarudi baada ya dakika 75 na neno la hatia kwa wote wawili, ila kwa Derek likaongeza ombi la huruma.

Kwa mauaji adhabu ilikuwa moja, kunyongwa, jaji hakuwa na hiari. Huruma ilikuwa kazi ya Waziri wa Mambo ya Ndani, na wengi waliamini ingetolewa: juri limeiomba, aliyefyatua hanyongwi, huyu ana akili ya mtoto. Waziri, David Maxwell Fyfe, akakataa. Wabunge wapatao 200 walitia saini hoja ya kumtaka abadili uamuzi. Spika akaizuia isijadiliwe, kwa kuwa utaratibu haukuruhusu Bunge kujadili msamaha wa Malkia kabla adhabu haijatekelezwa. Soma tena hiyo sentensi. Walikuwa huru kujadili kama kijana anastahili kuishi, mradi awe ameshakufa. Saa 3 asubuhi tarehe 28 Januari 1953, gereza la Wandsworth, mnyongaji Albert Pierrepoint alifanya kazi yake, na nje ya lango umati ulikuwa umesimama.

Filamu inaishia karibu na hapo, na haina namna nyingine; ilitengenezwa wakati mambo yalikuwa yamekwama. Yaliyofuata yalikuwa ya dada yake, Iris. Alizunguka na kesi hii kwa zaidi ya miaka 40, akiandika barua, akigonga milango ya mawaziri mmoja baada ya mwingine. Julai 1993 Derek akapewa msamaha, lakini wa nusu: ulihusu adhabu tu, kwamba hakupaswa kunyongwa. Hatia ikabaki. Kwa watu wengine hilo lilikuwa ushindi; kwa familia, kaburini bado alilala muuaji. Iris alifariki Januari 1997, mwaka ule ule tume mpya ya kupitia kesi za jinai ilipoanza kazi. Tume ndiyo iliyoirudisha kesi mahakamani, na tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufaa, ikiongozwa na Jaji Mkuu Bingham, ikaifuta hatia.

Jinsi walivyoifuta kunastahili kuelezwa, maana mara nyingi huripotiwa vibaya. Hawakusema kwamba Derek hakutamka yale maneno. Hawakusema maofisa walidanganya. Walichokishika ni muhtasari wa Goddard: hakuwaeleza juri ipasavyo kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, aliwaelemeza upande wa polisi, na lile swali la kama makubaliano yalikwisha Derek alipokamatwa alilipitia juu juu. Bingham alisema muhtasari ule ulimnyima mshtakiwa kesi ya haki ambayo ni stahili ya kila raia wa Uingereza kwa kuzaliwa. Basi hata hapo, baada ya miaka 45, maneno ya paani yaliachwa palepale yalipo. Anayebishana hadi leo kama "mpe" ilikuwa ya kukabidhi au ya kupiga anabishana juu ya jambo ambalo halikuhitajika ili kuona kwamba kesi ilikuwa mbovu.

Liko andiko la pili lenye jina la Derek. Siku moja kabla ya kunyongwa aliwaandikia wazazi wake barua, nayo pia hakuiandika kwa mkono wake; askari magereza alikaa akaandika alichokuwa anasema. Ukiiweka kando ya yale maelezo ya polisi unashangaa kwamba inasemekana ni mtu mmoja. Hakuna hatua zinazofuatana humo. Anaruka kutoka jambo hadi jambo: anamwambia mama kwamba ukweli wa habari hii lazima utoke siku moja, anataka mdogo wake aangaliwe asije akaharibika. Na kwa baba ana ombi lake: fremu za baiskeli zake zisiachwe zikashika kutu, huenda siku moja zikafaa.